Balbu ya Shemeji

Mheshimiwa Mganga Mkuu, daktari wa pili kwa ubora katika ukumbi huu, maana wa kwanza ni mimi. Matroni, ambaye ukinyanyua unyusi mmoja tu wodi nzima inajitandika. Mama Vipimo, mwenye siku yake, kaa vizuri kwenye kiti maana leo ni zamu yako kuchomwa. Madaktari, wauguzi, wafamasia, na nyinyi wa dirisha la kadi ambao katika maisha yenu hamjawahi kumwona mgonjwa mwenye haraka. Vinyozi wenzangu wa mtaa wa nyuma, mliokuja kuona kama nitaaibika. Wageni mlioalikwa, na nyinyi ambao hamkualikwa ila mmeona watu wamevaa vizuri mkaunga msafara: nawasalimu kila mtu kwa cheo chake. Wenye vipara nawasalimu mwisho, kwa sababu hawanipi kazi.

Mganga Mkuu anacheka, lakini mimi sitanii. Nimeishia kidato cha pili, na hicho cha pili chenyewe nilikisoma zaidi nikiwa nje ya darasa, kwa adhabu. Hata hivyo, nani kati yenu anamwona mtu kila baada ya wiki mbili, akiwa mzima, shingo wazi, kichwa kimelala mikononi mwake, anaeleza mambo ambayo hata mkewe hayajui? Daktari anangoja mtu aanguke ndipo aletewe. Mimi nawapata kabla hawajaanguka. Nimemtambua mwenye sukari kwa kidonda cha kisogoni kisichopona. Nimemtambua mwenye presha kwa mshipa wa paji la uso. Na homa ya ini, ndugu zangu, homa ya ini nimeikamata kwenye kioo changu mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja maabara ikasema, Redio yuko sahihi. Redio ndiye mimi. Waliniita hivyo kwa sababu betri zangu haziishi.

Mshereheshaji amenipa dakika kumi na ameanza kunionyesha vidole kabla sijasimama sawasawa. Mzee, weka vidole mfukoni, utaniroga.

Mnakiona kile kiti cha mbele, kilichowekewa koti la kijivu? Naomba asikae mtu. Ni cha kaka yangu, mkubwa wangu tumbo moja, fundi wa kuchomea vyuma. Geti mliloingilia leo amelichomea yeye. Kaka yuko nyuma ya ukuta huu, wodi namba nne, siku ya kumi na tisa leo. Ini lake limechoka, na tumbo lilijaa maji mpaka akawa hawezi kufunga mkanda. Daktari wa wodi amesema majibu ya damu yanatoka asubuhi hii, na yakiwa na nafuu kidogo kuliko yale ya mwanzo, watamleta kwa kiti cha magurudumu, akae nasi nusu saa. Kwa hiyo mkiniona nageuza shingo kuangalia ule mlango wa pembeni, msidhani sina adabu. Simu nimeiweka hapa juu ya meza, uso juu. Haijalia bado.

Na mmesikia nilivyotambulishwa. Mshereheshaji amesema, huyu ndiye kijana aliyemwokoa kaka yake. Mmepiga makofi, mama mmoja pale nyuma amepiga na vigelegele. Makofi hayo nimeyaweka pembeni kwanza. Nitayarudia.

Tumekuja kumuaga Mama Vipimo. Miaka thelathini na mmoja katika maabara moja, dirisha moja, kiti kimoja chenye mto aliojishonea mwenyewe. Je, mnajua nilivyokutana naye?

Miaka mitatu iliyopita aliingia kibandani kwangu mchana, kisanduku cha baridi begani, nikadhani anauza maji ya barafu.

Nikamwambia, "Karibu mama. Kusuka ni mlango wa pili."

"Sisuki. Huo wembe ulioshika, umemnyoa nani kabla ya huyu?"

"Mama, huu wembe mpya."

"Mpya tangu lini?"

Nikajifanya sikusikia. Mteja aliyekuwa kwenye kiti, povu limemjaa nusu kidevu, akageuka taratibu akanitazama. "Jibu swali, bwana. Mpya tangu lini?"

"Tangu... asubuhi."

Yule bwana alinyanyuka na povu lake akaondoka, na mpaka leo ananyoa kwa jirani yangu, ambaye wakati ule naye alikuwa na wembe mpya tangu juzi. Usinikunjie uso, jirani, hapa tunasema kweli.

Mimi niliwaka. Nilimwambia Mama Vipimo kwamba mashine zangu nazipaka spiriti, kwamba taulo nafua, na kwani yeye ni nani. Akaniacha nimalize. Akavua viatu, akakaa kwenye benchi langu kama aliyefika kwake, akasema, "Kijana, tone la damu usiloliona, dogo kuliko ncha ya sindano, linatosha. Homa ya ini aina B inaweza kukaa juu ya wembe uliokauka siku saba nzima, inangoja mtu wa kukatwa. Wewe una wateja wangapi kwa siku saba?"

Nikapiga hesabu. Hesabu ndilo somo pekee nililokuwa naliweza, na siku hiyo nilitamani nisingeliweza.

"Sasa lete mkono wako," akasema, "tuanze na mwenye duka."

Waheshimiwa, kuna maneno yanaenea mtaani kwamba siku ile nilizimia. Si kweli. Nilichokifanya ni kulala chini ghafla ili nichunguze sakafu. Nilipomaliza kuichunguza nikamkuta ameshanitoboa kidole, kile kipande chake cha plastiki cha kupimia damu kipo juu ya benchi, na anapangusa uso wangu kwa taulo langu mwenyewe. Mstari ulikuwa mmoja. "Huna," akasema. "Utachanjwa mara tatu ili usiwe nayo kamwe. Leo, mwezi ujao, na baada ya miezi sita. Ukikosa hata moja nitakuja kukufuata mbele ya wateja." Ya tatu nilitaka kuikimbia. Alikuja. Mbele ya wateja.

Tangu hapo kila Jumatatu benchi langu lilikuwa maabara. Yeye na kisanduku chake, mimi na mdomo wangu. Mimi naita watu, yeye anawatoboa. Wembe mmoja mtu mmoja, ukimaliza unatumbukia kwenye kopo la plastiki gumu lenye mfuniko, hakuna kurudi. Na vinyozi wote wa mstari ule wakafuata, wengine kwa hiari, wengine kwa sababu wateja walianza kuuliza lile swali: mpya tangu lini?

Mlango umefunguka... Hapana, ni muuguzi anapita. Dada, wodi namba nne kuna neno? Bado. Haya. Ukipita tena niambie, hata kama niko katikati ya sentensi.

Alinifundisha, na mwalimu aliyenishindwa shuleni aje amuulize mbinu. Homa ya ini, aliniambia, ni nyumba yenye milango miwili. Aina A na aina E zinaingia kwa mdomo, kwa maji na chakula kilichoguswa na choo. Aina B na C zinaingia kwa damu. B inapita pia kwenye kitanda cha mume na mke, na kwa mama mzazi kwenda kwa mtoto saa ya kuzaliwa. Aina D ni mpangaji asiye na kodi yake mwenyewe, haiishi ila mahali ambapo B imeshapanga, kwa hiyo kila ukimkuta mtu na B unamtafutia na D. Mnaona? Hata Mganga Mkuu anaitikia kwa kichwa. Mwandikieni, asisahau.

Mnakumbuka lile ghorofa la wapangaji karibu na kituo cha mafuta? Watu wanane kwa wiki mbili: homa, kichefuchefu, hamu ya kula imekufa, mkojo umekolea kama chai ya rangi, macho njano. Mtaani walishaanza kusema ni uchawi, mwenye nyumba anatafutiwa kosa. Mama Vipimo hakutafuta mchawi. Alipanda juu ya paa kwa miguu yake, umri ule, akakuta tangi la maji halina mfuniko na bomba la maji taka linavuja pembeni yake. Damu ikasema aina E. Dawa yake? Wengi walitaka sindano, walitaka dripu, mmoja alitaka vyote viwili kwa pamoja. Akawaambia, hii kwa watu wengi huondoka yenyewe: pumzika, kunywa maji yaliyochemshwa, kula kidogo kidogo, acha pombe, na acha kumeza kila kidonge unachopewa na jirani, ini lina kazi ya kutosha. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyelifikiria. "Humu ndani nani mjamzito?" Alikuwepo mmoja, chumba cha mwisho, mimba ya miezi saba, anajiona amechoka tu. Huyo hakuambiwa apumzike nyumbani. Huyo aliletwa hapa hapa siku ile ile, kwa sababu aina E kwa mjamzito inaweza kuua. Yuko wapi? Yule pale, na mtoto anayemvuta heleni. Simama, mama, watu wakuone. Mtoto amenyolewa vizuri, sijui na nani.

Na yule mzee mrefu mwenye kofia, dereva mstaafu wa malori, aliyetobolewa Jumatatu moja akaambiwa kipimo cha aina C kimeonyesha. Mzee hakungoja sentensi ya pili. Alikwenda nyumbani akaanza kugawa vitu. Baiskeli akampa jirani, redio akampa mpwa, suti akampa mchungaji. Mama Vipimo akamfuata mpaka sebuleni, ambapo vilikuwa vimebaki viti viwili tu.

"Baba, shikamoo. Unahama?"

"Marahaba. Naondoka duniani, mwanangu."

"Kwa kipimo kile? Kile kinasema tu kwamba virusi viliwahi kuingia kwako. Hakisemi kama bado vimo. Kuna watu mwili unavifukuza wenyewe. Lete mkono, tupime mara ya pili, damu iende kwenye mashine kubwa."

Vilikuwemo bado. Lakini aina C, sikilizeni vizuri nyinyi mnaogawa suti zenu mapema, aina C inapona. Vidonge kila siku kwa miezi mitatu, ukimaliza unangoja miezi mitatu mingine unapimwa tena. Alipimwa. Haikuwemo hata alama. Kazi iliyobaki sasa ni kurudishiwa baiskeli. Jirani anasema zawadi ni zawadi. Mchungaji naye suti imemkaa vizuri mno.

Vidole vitatu? Mshereheshaji, una haraka ya kwenda wapi? Chakula kimefunikwa, nimekiona.

Tuje kwenye aina B, maana ndiyo iliyonileta hapa. Hii ndiyo mnafiki mkubwa. Inaweza kukaa ndani ya mtu miaka ishirini bila kumwambia kitu. Anakula, anacheza mpira, anabeba vyuma, na ini linapata kovu juu ya kovu. Mtu anakuja kusikia uchovu, anasema ni kazi. Anasikia uzito chini ya mbavu za kulia, anasema nimelala vibaya. Ukimpima mapema, ukamkuta nayo, unampima tena baada ya miezi sita ujue kama imekaa au imepita. Unaangalia wingi wa virusi, unaangalia ini kwenye picha, na yule anayehitaji anapewa kidonge kimoja kwa siku, kila siku, asikiache kwa kujisikia nafuu. Hakimalizi kirusi. Kinakilaza usingizi, na ini linapata nafasi ya kupumua. Wenzake wa nyumbani wanapimwa, wasio nayo wanachanjwa, mtoto anayezaliwa anachanjwa siku hiyo hiyo. Haiambukizi kwa sahani. Haiambukizi kwa kupeana mkono. Nasema hivi kwa sababu wapo, siwataji, waliomtengea kaka yangu kikombe karakana walipopata habari, kikombe chekundu, peke yake, juu ya dirisha. Mimi nimekinywea hicho kikombe mbele yao. Chai ilikuwa mbaya, lakini si kwa sababu ya kikombe.

Na Mama Vipimo alikuwa na desturi zake mbili ambazo hakuzivunja hata mvua inyeshe. Ya kwanza: mtu yeyote akitaka kumwangalia macho, hakumwangalia ndani. Alimshika mkono akamtoa nje, mlangoni, kwenye mwanga wa jua. "Taa ni ya muuza duka," alikuwa anasema, "jua ni la wote." Anakushusha kope, anaangalia ule weupe, ndipo anasema. Ya pili: alisema njano ikionekana anapima, na isipoonekana anapima vilevile, kwa sababu wengi wenye B na C macho yao ni meupe kabisa. Macho yanakuambia umkimbize mtu hospitali. Hayana ruhusa ya kukuambia umrudishe nyumbani.

Hayo nilifundishwa. Nayajua. Nimewaambia sasa hivi bila kusoma popote. Sasa oneni kichwa cha Redio kilivyo.

Baada ya kuwakamata wale kumi na moja kwenye kioo, nikapata jina jipya: Daktari wa Kioo. Watu walikuwa wanakuja hawataki kunyoa, wanataka tu niwaangalie. Nikatoka kifua mbele. Nikasema daktari mkubwa hawezi kukaa kwenye kibanda chenye taa kama ya kuku. Nikatoa balbu za zamani, nikaweka zile taa ndefu nyeupe zinazovuta kwenye ubuluu, tatu juu ya kioo, mbili pembeni. Mlipita mkaziona, msiniambie hamkuziona. Ukikaa pale unapendeza. Nywele zinang'aa, chunusi zinapotea, meno yanakuwa kama ya mtu wa tangazo. Wateja walijipiga picha. Mama Vipimo alipoziona alisimama mlangoni muda, akasema, "Zinapendeza. Utakuwa unawatoa nje, siyo?" Nikasema, "Mama, kila mmoja!"

Kila mmoja.

Mlango... hapana. Ni upepo.

Mama, nisimame nikusifie basi, kama kazi niliyopewa. Hujawahi kumwambia mtu majibu yake ukiwa umesimama. Ulikaa kwanza, naye akakaa. Hukuwahi kusoma jina la mtu kwa sauti dirishani. Uliwatoboa wenye nacho na wasio nacho kwa sindano za pakiti moja. Mara ya kwanza uliniita kijana tu, mara ya mwisho umeniita mwanangu, na leo asubuhi umenifunga tai hii kwa sababu mimi sijui. Unaondoka na mto wako wa kiti, na dirisha lile litapata mtu mwingine mwenye cheti kizuri zaidi, lakini nani atakayepanda juu ya paa? Wahamasishaji wote sita wa mitaani tuliokufuata tunakushukuru. Mganga Mkuu, nakushukuru kwa ukumbi. Matroni, nakushukuru kwa kutonifukuza wodini saa ya wagonjwa kulala. Na nyinyi nyote mliokaa mkanisikiliza mtu wa kidato cha pili, nawapa shukrani zangu sasa hivi, kabla sijamaliza, mzishike mkononi, kwa sababu nikishasema yaliyobaki sitakuwa na uso wa kuwashukuru, na nyinyi huenda mkataka kuzirudisha.

Juu ya meza ile kuna cheti chenye jina langu, kimewekewa fremu. Mama Vipimo ndiye aliyenipendekeza. Kwenye barua aliandika, nimesomewa, kwamba Redio alimtambua hata ndugu yake wa damu akamleta hospitali kwa wakati. Aliandika hivyo kwa sababu alimpima kaka siku ile alipoletwa, akanikuta nimesimama pembeni ya kitanda, akanipiga bega akasema, "Umefanya vizuri, mwanangu." Nilikuwa na sekunde moja ya kusema hapana, nikaitumia kukohoa. Shemeji alikuwa upande wa pili wa kitanda. Alinitazama tu. Mpaka leo hajasema. Shemeji yuko mstari wa tatu, kitenge cha kijani, na hata sasa ananitikisia kichwa niache. Siwezi kuacha, shemeji.

Kaka nilimwona jana jioni. Nikamwambia nina hotuba kesho, najua utanisikiliza ukiletwa. Akasema, "Isome vizuri. Ila kunisifia mimi usinisifie, na wewe usijisifie kwangu."

"Una hasira, kaka?"

"Nani kakwambia nina hasira? Nimechoka tu. Nenda kalale."

Basi ni hivi. Majuma manne kabla hajaletwa, shemeji alinipigia simu nikiwa kazini, kibanda kimejaa. Nikaweka sauti wazi, kama kawaida yangu, ili watu wafurahi.

"Shemeji, njoo umwangalie kaka yako. Kila tukikaa kula jioni namwona macho ya njano. Mchana simwoni, anatoka na giza na kurudi na giza, na kazini anavaa yale mawani meusi ya kuchomea. Hata chakula anaacha."

Nikasema, "Shemeji, hapo sebuleni kwenu mna balbu gani?"

"Hii hii ya siku zote."

"Ile ya njano? Basi hata mimi ukinikalisha hapo nitakuwa njano. Shemeji, badilisha balbu!"

Kibanda kizima kilicheka. Mteja alicheka mpaka nikaondoa wembe usoni pake. Nilisikia na shemeji amecheka kidogo, kicheko cha mtu anayetaka sana kuamini. Akasema, "Haya, nitanunua nyingine."

Na aliinunua. Kweli aliinunua, nyeupe. Macho yakabaki vile vile. Akamlazimisha kaka aje kwangu, na kaka akaja, siku ya Jumatatu. Jumatatu, ndugu zangu. Mama Vipimo yuko kwenye benchi, kisanduku wazi, vipimo vimebaki vingi. Nikamkalisha kaka chini ya taa zangu tano, nikamshusha kope mbele ya watu, nikasema kwa sauti ya redio, "Meupe kama meno yangu! Rudi kazini, mzee, mkeo anakupenda kupita kiasi." Akanyanyuka, akacheka, akavaa mawani yake. Mama Vipimo akainua kichwa akaniuliza, "Hakuna unayemtilia shaka leo?" Nikamjibu, "Leo wote wazima, mama." Kaka alikuwa anapita mbele ya magoti yake.

Aliyemleta hospitali ni shemeji, peke yake, kwa pikipiki ya jirani, amemshikilia kwa nyuma asidondoke, majuma manne baada ya ile simu, tumbo limeshajaa. Mimi nilifika baadaye, nimenyoa wateja wawili kwanza. Daktari wa wodi amenieleza bila kunificha: ugonjwa ulikuwepo miaka mingi na hilo si langu, lakini yale majuma manne ini lilikuwa linawaka moto, na vidonge anavyomeza sasa vingeanza mapema vingelikuta bado lina mengi ya kuokoa. Sasa tunangoja majibu, tuone limebakiwa na nini.

Simu haijalia. Mama, hicho cheti kisitolewe.

Jana nilikwenda kibandani nikazima zile taa zote tano, ambazo ubuluu wake ndio uliomeza ile njano, nikasimama pale kilipo kiti, nikatembea mpaka mlangoni, palipo na jua. Ni hatua nne. Nilimtoa nje kila mteja aliyeniuliza kuhusu macho, hata walevi niliwatoa. Kaka yangu sikumtoa, kwa sababu kibanda kilikuwa kimejaa, na watu walikuwa bado wanaicheka ile balbu.